Tangazo la Kitu Kisichouzwa

Komini ya Kilima-Maji, iliyo kando ya ziwa mjini Kalemie, iliwatangazia wananchi wake wote, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya pikipiki, kwamba kuanzia siku hiyo enzi ya maandishi holela ilikuwa imekwisha. Kila neno litakaloonekana na mtu aliyesimama barabarani litakuwa na kibali, kibao na namba. Ukuta hautasema tena kitu ambacho komini haikijui.

Tangazo hilo liliandikwa na Papa Hubert, sekretere wa Biro ya Matangazo ya Nje. Alikuwa pia sekretere wa Biro ya Maslahi ya Washauri. Hizi zilikuwa biro mbili kamili, kila moja na muhuri wake, ila meza ilikuwa moja. Asubuhi Hubert aliweka daftari la matangazo upande wa dirisha na daftari la maslahi upande wa mlango, akaweka rula katikati kuwa mpaka. Alikuwa amejifunza kazi hiyo mwenyewe, kwa kusoma kila karatasi iliyopita mikononi mwake hadi mstari wa mwisho, jambo ambalo wenzake waliliona kama ugonjwa usioambukiza.

Daftari la maslahi lilikuwa la kwanza kujazwa, tangu Januari. Kanuni ilitaka kila mshauri aandike mali yake yote, ili siku likijadiliwa jambo linalomgusa asimame, aseme, atoke chumbani. Washauri walikuwa saba, na wote saba waliandika neno moja: Sina. Hubert hakuwa mtu wa kuhukumu haraka. Alimuuliza tu Mheshimiwa Jovial, kwa sababu alitaka ukurasa ukae sawa.

"Mheshimiwa, na ile etaji, ile ghorofa ya rangi ya buluu, karibu na maji?"

"Ile? Ninalalaka tu pale, Papa Hubert."

"Naandika hivyo?"

"Andika. Muntu kulala si mali."

Hubert akaandika, upande wa maelezo: *Analala tu pale.* Jovial akatia sahihi. Ilikuwa sahihi ndefu, yenye mkia.

Mwezi wa nne yakaja matangazo. Kuta za Kilima-Maji zilikuwa na mengi: kanisa fulani lina mkesha, Mama fulani anasuka nywele, hapa tunachaji simu. Lakini sentensi iliyokuwa juu ya kila ukuta wa tatu, kwa rangi nyekundu na herufi za kimo cha mkono, ilikuwa hii: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni akiuliza kwa nini watu hutangaza wasichouza, huambiwa kwamba hapa mtu akienda Moba kwenye kilio, akakaa wiki mbili, anaweza kurudi akute nyumba yake imeuzwa na shemeji yake, tena mara mbili, kwa watu wasiojuana.

Katika kikao cha washauri jambo hilo lilichunguzwa kwa kina.

"Tangazo linatangaza bidhaa," alisema Burgumesta Hippolyte, mkuu wa komini, mmoja wa wale saba na mwenyekiti wao. "Hapa bidhaa ni gani?"

"Nyumba," washauri wakasema.

"Inauzwa?"

"Hapana."

"Basi ni tangazo la uongo. Na liko kwenye kila ukuta wa tatu! Watu wa nje watasema nini juu yetu?"

Iliamuliwa kwamba *Haiuzwi* ni tangazo la biashara kinyume, na litahitaji kibali kama biashara nyingine. Kisha Jovial akaomba neno. Alisema kwa sauti ya huruma kwamba anawafikiria wanunuzi, watu wanaotembea juani bila kujua nyumba ipi inauzwa na ipi haiuzwi. Akapendekeza kifungu cha saba: nyumba yoyote isiyo na kibao halali cha *Haiuzwi* itahesabiwa kuwa inauzwa. Cha nane: mnunuzi ndiye atakayetaja bei, na mwenye nyumba ana siku saba za kuleta kibao; asipoleta, nyumba imekwenda. Cha tisa: mnunuzi ana haki ya kuitembelea nyumba mchana.

Burgumesta naye akajaza cha sita, kilichokuwa kimeachwa wazi, kwa ajili ya heshima. Raia wa kawaida ataleta shahidi: jirani anayepakana naye, ambaye ataandika anachokijua kwa macho yake. Lakini mshauri hataombwa mashahidi kama mtu wa sokoni. Kwa mshauri, daftari la maslahi litatosha.

"Kuna mwenye maslahi katika jambo hili?" Hubert aliuliza, kwa sababu kanuni ilimtaka aulize.

Saba walitazama dari. Kura zikawa saba.

*

Mtu wa kwanza kufika na fomu alikuwa Mama Godelieve, muuza samaki, mjane wa fundi wa reli. Nyumba yake ya matofali matatu mekundu na manne ya udongo, kama alivyozoea kuisema, ilikaa juu ya mwinuko, hatua chache kutoka etaji ya Jovial. Miaka ile ziwa lilikuwa limepanda. Lilikula ukuta wa nyuma wa etaji, likala choo cha nje, na sasa lilikuwa linaingia kwenye ua kila upepo ukivuma. Kwa Mama Godelieve halikufika hata kwa kuchungulia. Mtu yeyote aliyesimama kwenye balkoni ya etaji aliona wazi wapi angependa kuhamia.

"Papa Hubert, wanasema niombe ruhusa ya kukataa kuuza."

"Ndiyo, Mama. Jina la mwenye nyumba?"

"Bwana yangu, lakini yuko kwa makaburi. Kwa hiyo ni mimi."

"Jirani anayepakana nawe?"

Mama Godelieve akahesabu kwa vidole. "Mbele, barabara. Nyuma, korongo. Kushoto, depo ya reli ya zamani, mule hamuna muntu, kuna popo tu. Kuume ni Jovial."

"Basi Mheshimiwa Jovial atajaza hapa."

"Nilienda mara tatu. Wanasema iko mu misioni."

"Misheni? Safari gani ya kikazi?"

"Sijui. Nilimuona ku balkoni, na singlet, anakula mahindi. Nikaita, 'Papa Jovial!' Akaniambia yeye mwenyewe, 'Niko mu misioni.'"

Hubert aliandika: *Shahidi hayupo.* Haikumpendeza, lakini fomu haikuwa na nafasi ya mahindi.

Wiki iliyofuata komini ilimtuma Ulrich, mchoraji, apige chokaa juu ya maandishi yote yasiyo na kibali. Ulrich ndiye aliyekuwa ameyaandika karibu yote, kwa hiyo aliyafuta kwa majonzi na kwa ustadi. Kwenye ukuta wa Mama Godelieve alisimama muda mrefu na ndoo ya chokaa ya Kabimba.

"Hii A ya mwisho nilifanya mzuri sana," alisema.

"Basi iache," akasema Mama Godelieve.

Ulrich aliifikiria kanuni. Herufi moja haisemi kitu. Akafuta sentensi yote akaiacha A.

Siku hiyohiyo Jovial alirudi kutoka misheni. Alifika kwenye meza ya Hubert na ombi lililopigwa mashine: anainunua parseli ya mwinuko, kiwanja na nyumba ya Mama Godelieve, na bei anayotaja ni pikipiki moja isiyo na gurudumu la mbele. Shemeji wa Mama Godelieve, mmoja wa wale wanaouza nyumba wenyewe wakiwa kilioni, alikuwa ameshatia sahihi ya kuridhika.

"Siku saba, Papa Hubert. Unahesabu leo?"

"Nahesabu leo, Mheshimiwa."

"Wewe ni muntu wa kazi," akasema Jovial, akatoka anapiga mluzi.

Hubert aliliweka ombi upande wa dirisha. Alimfahamu Mama Godelieve. Miaka ishirini alikuwa akinunua kwake samaki wa Ijumaa, mikebuka ya ziwani. Lakini kwenye madaftari yote mawili hapakuwa na safu ya kusikitika. Alifanya alilojua kulifanya. Alisoma tena uamuzi wote, kifungu kwa kifungu, na kwenye cha saba akakuta mstari ambao washauri walikuwa wameupigia kura bila kuufikia: *Biro itatengeneza orodha ya nyumba zote zinazohesabiwa kuwa zinauzwa, mtaa kwa mtaa, bila kuruka hata moja, na kuibandika nje.*

Hubert akachonga penseli.

*

Alitembea siku mbili. Kila penye kibao aliweka alama. Kila pasipo na kibao aliandika. Mitaa ya chini ilikuwa na vibao, kwa sababu watu wa kule walikuwa wamepanga mstari tangu siku ya kwanza, majirani wakiandikiana ushahidi juu ya magoti. Namba arobaini ilikuwa nyumba ya Mama Godelieve. Nyumba iliyofuata ilikuwa etaji ya buluu. Hubert aliizunguka hadi maji yalipomfika kwenye viatu. Hapakuwa na kibao. Hakuna mshauri aliyekuwa ameomba kibao. Hilo ni jambo la raia wa kawaida.

Akarudi mezani, akafungua daftari la upande wa mlango, kwani kwa mshauri ndilo ushahidi. *Sina.* Akasoma mara tatu. Kisha akaandika: *41. Etaji ya buluu. Mwenyewe hajulikani. Inauzwa.*

Villa ya Burgumesta Hippolyte, yenye nguzo nane, ikawa namba hamsini na tatu. Hubert aliisoma orodha yote kwa sauti, aone kama imeruka nyumba. Haikuwa imeruka hata moja. Akaibandika kwa gundi ya unga wa muhogo.

Mama Godelieve alikuja kuitazama asubuhi yake. Alitafuta namba yake kwa kidole. Kidole kikashuka mstari mmoja, kikasimama.

"Papa Hubert. Jirani yangu anauza?"

"Kwa mujibu wa uamuzi, ndiyo, Mama."

"Yeye anajua?"

"Orodha imebandikwa nje, Mama. Mtu akisimama barabarani anaisoma."

"Na mimi naweza kununua?"

"Kila raia."

"Bei anataja nani?"

"Mnunuzi. Kifungu cha nane. Ni Mheshimiwa Jovial mwenyewe aliyekipendekeza."

Mama Godelieve alilitazama ziwa kupitia dirishani, kama anayeuliza limebakiza kiasi gani.

"Andika beseni tatu za mikebuka."

"Mbichi au kavu?" Hubert aliuliza, maana fomu ilitaka maelezo kamili.

"Mbichi. Mimi siko muntu mubaya."

*

Habari ilifika sokoni kabla Mama Godelieve hajafika. Jumatatu mstari ulianzia mlangoni mwa biro ukazunguka jengo. Jumanne wanunuzi walianza kutumia kifungu cha tisa. Mama Micheline, mke wa Burgumesta, alitoka kuoga akakuta watu wanne sebuleni kwake. Wawili walikuwa wanapima madirisha kwa kamba, mmoja anajaribu kiti, na wa nne, mwanamke mnene mwenye heshima, amefungua friji.

"Ninyi ni nani?"

"Sisi njo wanunuzi, Mama. Usisumbuke, endelea tu. Hii friji inabaki ao mnaondoka nayo?"

"Mnunuzi gani? Hii nyumba ya Burgumesta!"

"Pole, Mama," akasema yule wa kitini. "Tulisoma daftari. Burgumesta hana nyumba."

Burgumesta Hippolyte alifika kwenye meza ya Hubert akitokwa jasho, na Jovial nyuma yake.

"Hubert! Fungua ile daftari. Andika villa. Andika sasa."

"Naandika, Burgumesta." Hubert akachukua kalamu ya maslahi, ambayo haikuwa ile ya matangazo. "Ila kanuni ina kifungu cha nne. Tamko likibadilishwa, lazima lisomwe mbele ya wananchi, pamoja na la kwanza. Na redio ya mtaa lazima iitwe."

"Redio?"

"Mlipigia kura, Burgumesta. Na kama mshauri alikuwa na maslahi na hakutoka chumbani, kura yake haihesabiwi. Kura zilikuwa saba." Akageuza karatasi, akaandika nyuma yake saba kutoa saba, ili asikosee. "Uamuzi unaanguka wote."

"Kwa hiyo kama niko na nyumba, nilikosa. Na kama sina, inauzwa."

"Ndivyo ninavyosoma, Burgumesta. Naweza kuwa nimekosea. Nitasoma tena."

"Usisome tena!" Jovial akapiga meza, rula ikaruka. "Siku zimebaki ngapi?"

"Kwa etaji ya buluu, tatu, Mheshimiwa. Kuna njia moja ya kimya. Mheshimiwa akiacha haki ya ushauri, akaja kama raia wa kawaida, anahitaji jirani mmoja tu."

Jovial akaokota rula. "Jirani," akasema. "Kwangu nyuma kuna ziwa. Mbele, barabara. Kule ngambo, ziwa limekula pale pote."

"Kuna Mama Godelieve," Hubert akasema. "Ila shahidi wa mshauri lazima awe mwenye nyumba aliyethibitishwa. Yeye hana kibao. Shahidi wake hayupo, yuko misheni."

Kilichofuata kilichukua nusu saa. Jovial alimtambua Mama Godelieve kwa maandishi kuwa mwenye nyumba halali, aliyeishi pale mbele ya macho yake miaka ishirini na sita, pamoja na marehemu bwana wake, mtu mwema sana. Alifuta ombi lake la kununua. Aliuliza kama anahitaji pia kuondoa pikipiki. Hubert alisema pikipiki haikuwahi kuletwa. Kibao kikatoka: namba 118, *Haiuzwi*. Hubert alikibeba mwenyewe hadi kwenye mwinuko, akashika msumari wakati Ulrich anagonga. Kilikaa chini ya ile A.

Jovial alikuwa nyuma yao, ameshika fomu yake kwa mikono miwili.

"Mama Godelieve. Mama ya watu wote. Habari ya samaki?"

"Samaki iko, Papa Jovial. Umerudi misioni?"

"Nimerudi. Sasa, Mama, hapa unaandika tu kidogo. Ile unajua na macho yako juu ya nyumba yangu."

"Ninaandika ile ninajua?"

"Njo ile."

"Hata kama ni fupi?"

"Fupi ni nzuri."

Mama Godelieve akapangusa mikono kwenye kitenge, akaweka fomu juu ya beseni lililopinduliwa, akaandika polepole, herufi moja moja. Jovial alishukuru mara nne. Hakusoma. Siku zote alikuwa na watu wa kumsomea.

Hubert alisoma, akiwa amerudi mezani. Mama Godelieve alikuwa ameandika: *Ninamuonaka. Analala tu pale.*

Alifungua daftari la maslahi, akaweka fomu kando ya ukurasa wa Januari. Jirani na mshauri walisema kitu kimoja, kwa maneno yaleyale. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwa ameona ushahidi wa pande mbili ulioafikiana hivyo. Akagonga muhuri wa kwanza, akageuza mkono, akagonga wa pili, na kibao hakikutoka.

Burgumesta, aliposikia, hakusubiri jirani zake. Aliwajua. Aliita kikao cha hadhara kwa siku ya saba ya etaji, saa kumi, na redio ikaja. Mshauri mmoja mmoja alisimama akasoma nyumba zake, maduka yake, mbao zake tatu za matangazo ya bia barabarani ambazo hazikuwahi kuwa na kibali, na kama kanuni ilivyotaka, akimaliza alitoka chumbani. Watu walipiga makofi kila nyumba ilipotajwa, ya nane wakaanza kuhesabu kwa sauti. Mwishowe chumba kilibaki na wananchi na Hubert, aliyesoma kwa sauti ya chini kwamba uamuzi wa matangazo umeanguka kuanzia saa kumi na moja kamili, na kwamba yaliyokwisha kukamilika kabla ya hapo yamekamilika.

Beseni tatu za mikebuka, mbichi, zilizofunikwa kitenge, zilikuwa zimepokelewa kwenye meza ya Hubert saa tisa, bei ya etaji.

Siku iliyofuata Ulrich aliitwa kwenye etaji ya buluu na kopo la rangi nyekundu. Alifanya kazi nzuri, hasa mwishoni. NYUMBA HII HAIUZWI, aliandika, na chini yake, kwa herufi ndogo, *Mwenyewe: Mama Godelieve.* Jovial alikuwa kwenye balkoni, na singlet, bila mahindi.

"Na mimi, Mama?" aliuliza kutoka juu.

"Wewe?" Mama Godelieve alishangaa kwa dhati. "Wewe lala tu, Papa. Muntu kulala si mali."

Hubert, aliyekuwa amekuja kuhakikisha tahajia, alitoa kijitabu mfukoni akaandika kwamba ingefaa, kwa utaratibu mzuri, kuwe na fomu ya wanaolala tu.